Kufunga, Kufungia, Kufungiwa

Machi 2017, Serikali ilipozuia mchanga wa dhahabu kusafirishwa kwenda kuyeyushwa ng'ambo, Kanda ya Ziwa ililipa taifa zima neno jipya. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi, yote ya Kahama, ilikuwa na makontena 277 yaliyokwama bandarini Dar es Salaam. Profesa Abdulkarim Mruma alipokabidhi ripoti ya kamati yake Ikulu tarehe 24 Mei, magazeti yalikuwa yameshaandika "makinikia", na haukupita muda mrefu mama ntilie wa Kakola, jirani na mgodi wa Bulyanhulu, na mbunge wa Dodoma wakawa wanalitamka sawasawa.

"Makinikia" ilifanya kazi iliyolishinda neno "mchanga". Mchanga ni kitu cha kumwaga, na mtu hahangaiki kuuliza thamani ya kilichomwagwa. Makinikia, kwa mzizi unaosikika humo wa "makini", yanamwambia msikilizaji kwamba kuna kitu kimekusanywa, kimetulia pamoja, kinastahili kupimwa. Wachumi na wanasheria walikuwa na hoja zao, lakini mwananchi alizifikia kwa kupitia jina.

Leo nataka tuyapime, wewe na mimi walinzi wa lugha hii, majina ya jambo jingine linalomgusa kila mwenye simu au kompyuta: uwezo wa viwanda kumzuia mtu asiweke programu anayoitaka ndani ya kifaa alichokinunua. Jambo hili limetufikia likiwa limeshavikwa majina. Mengi kati ya hayo yameshatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa.

Tuanze na kitenzi chenyewe. "Funga" kina watoto wengi. Tunafunga mlango, tunafunga mzigo kwenye baiskeli, tunafunga ndoa, tunafunga Ramadhani, tunafunga goli, na mahakama humfunga mhalifu. Kwa upana huo, ukisema "simu imefungwa" hujasema mengi. Nani kaifunga? Dhidi ya nani? Mpaka lini?

Sarufi yetu ina jibu, nalo limo katika kiambishi kimoja chembamba. Kutoka "funga" tunapata "fungia", na kutoka "fungia" tunapata "fungiwa". Mchezaji amefungiwa mechi tatu. Gazeti limefungiwa. Masikio ya Mtanzania yamezoea kwamba penye kufungiwa yupo mwenye mamlaka aliyefunga, na yupo anayebaki nje. "Simu imefungwa" inamficha mtendaji na inamsahau mtendwa. "Nimefungiwa simu yangu" ni maneno matatu tu, na kesi nzima imo humo.

Mitaani Kahama, Katoro na Geita mjini, neno linalotawala ni "loku". Mafundi simu huandika kwa rangi kwenye mabanda yao: tunatoa loku, tunaflashi, tunaweka programu. Silidharau neno hilo. Limezaliwa kazini, na neno lililozaliwa kazini lina heshima yake. Kasoro yake ni kwamba linaviita kwa jina moja vitu vinne visivyofanana kabisa.

Cha kwanza ni namba ya siri au patani aliyoiweka mwenye simu ili mwizi asifaidi. Cha pili ni ile simu ya kampuni ya mtandao inayokubali laini moja tu na kuzikataa nyingine. Cha tatu ni simu ya mkopo inayojifunga rejesho likichelewa. Cha nne ni kifaa kilicholipiwa chote, kisicho na deni wala laini ya kukibana, ambacho bado kinakataa kila programu isiyoridhiwa na kiwanda.

Kwa fundi, vyote vinne ni kazi ya mezani na bei yake inajulikana. Kwa sheria na kwa haki, vinatofautiana kama mchana na usiku, maana cha kwanza ni changu na cha nne si changu. Kwa hiyo napendekeza tuvitenganishe: kufuli la mwenye, kufuli la laini, kufuli la deni na kufuli la kiwanda. "Kufuli" lilitoka kwa Waarabu, likapewa ngeli, likaota wingi wake wa "makufuli", likawa letu. Halina sababu ya kuipisha "loku" njia. Zaidi ya hapo, linaruhusu kufuatiwa na jina la mwenye kulishika.

Kufuli la deni linastahili kutazamwa karibu, kwa kuwa ndilo wengi wetu tunalolijua. Julai 2020 huko Kenya, Safaricom na Google walianzisha mpango wa Lipa Mdogo Mdogo: unatoa kianzio, unaichukua simu, unalipa shilingi 20 za Kenya kwa siku, na ukikosa kulipa simu inajifunga. Jina la mpango ni zuri na tamu kusikika. Lakini "lipa" linazungumzia fedha tu. Halisemi kwamba katika muda wote huo kuna mkono wa pili ndani ya simu.

Kiswahili kina neno la kale linalosema hivyo: "rehani". Katika rehani ya wazee, mkopaji huacha bangili kwa mkopeshaji mpaka siku ya kuikomboa. Katika simu hizi mpango umegeuzwa: bangili unaivaa wewe, na ufunguo wa kuifungulia umebaki kwa aliyekukopesha. Ukiiita "simu ya mkopo" umeeleza deni. Ukiiita "simu ya rehani" umeeleza deni na umeeleza pia nani anayeshika nini. Mnunuzi anayesikia neno "rehani" ataingia katika mkataba macho yakiwa wazi.

Rehani ina siku ya mwisho, na siku hiyo ina kitenzi chake: "kukomboa". Hapo ndipo kufuli la deni linapoachana na kufuli la kiwanda. La kwanza hufunguka rejesho la mwisho likishalipwa. La pili halina rejesho la mwisho. Unalinunua pamoja na kifaa na unazeeka nalo.

Twende sasa kwenye "ufunguo". Nalipenda sana neno hili. Limetokana na "fungua", yaani kufunga kulikotenguliwa, kama "ziba" inavyotenguliwa ikawa "zibua", na "pakia" ikawa "pakua". Wazee wangeweza kukiita kifaa hicho kwa kazi yake ya kufunga, maana kinafunga pia. Waliamua kukiita kwa kazi yake ya kufungua. Kwa Mswahili, ufunguo ni kitu kinachomwezesha mtu kuingia kwake.

Ndiyo maana nasikitika ninapoona maandishi ya kiufundi yakiita "ufunguo" ile siri ambayo kiwanda huitumia kuidhinisha programu. Siri hiyo haikufungulii chochote. Kazi yake ni kugonga alama: kifaa kikiwashwa hutazama alama hiyo, kikiikuta huendelea, kikiikosa hugoma. Kitu kinachogonga alama ya idhini tuna jina lake, na kila ofisi ya kata inalo mezani: muhuri.

"Muhuri" utatuokoa pia na mtego wa neno "sahihi". Tafsiri nyingi husema programu iliyoidhinishwa "ina sahihi". Tazama kinachotokea. Katika Kiswahili "sahihi" ni alama ya mkono wa mtu chini ya barua, na pia ni "kweli, isiyo na kosa". Programu isiyo na sahihi inateleza haraka sana kuwa programu isiyo sahihi. Kijana wa Kahama aliyeandika programu nzuri ya kutunzia hesabu za duara na karasha, yaani shimo la dhahabu na mashine ya kusagia mawe yake, amekwisha kuhukumiwa na kamusi kabla kazi yake haijafunguliwa.

Ukisema "haina muhuri wa kiwanda", umesema kweli na umeishia kwenye kweli. Barua isiyo na muhuri wa ofisi inaweza kuwa na maneno ya hekima, na barua yenye muhuri inaweza kuwa na uongo. Muhuri unatuambia ilikopitia. Hautuambii ubora wake.

Kutoka hapo "salama" linajipima lenyewe. Microsoft ilipoweka masharti kwa kompyuta za kubandikwa nembo ya Windows 8, mwaka 2012, ilidai ziwe na utaratibu inaouita Secure Boot, ambao wafasiri wetu huelekea kuuita "uwashaji salama". Kompyuta inakagua muhuri wa kila kinachowashwa mwanzoni. Kwenye kompyuta za kawaida sharti lilikuwa mwenye aweze kuuzima utaratibu huo au kuweka muhuri wake. Kwenye vifaa vya chipu za ARM sharti lilikuwa kinyume: mwenye asiweze. Vitu viwili vilivyopishana namna hiyo vilipewa jina moja, na jina lenyewe ni "salama".

Shirika la Free Software Foundation la Marekani liliuona mtego huo mapema, mwaka 2011, likasisitiza kuwa kinachomwachia mwenye uamuzi na kinachomnyang'anya visiitwe kwa jina moja. Walikuwa sahihi kudai hivyo, na muda umewathibitisha: Windows 10 ilipokuja mwaka 2015, sharti la kumwachia mwenye nafasi ya kuzima likawa la hiari kwa viwanda. Hata mashirika mengi yanayosambaza Linux, mfumo wa watu wote, hupeleka programu zao za kuwashia zikapigwe muhuri na Microsoft ili kompyuta zizikubali.

"Salama" ni neno linalodai kijalizo. Salama kwa nani, na dhidi ya nani? Kompyuta inayomzuia mwizi asiingize kirusi ni salama kwa mwenye. Kompyuta inayomzuia mwenye ni salama kwa kiwanda. Mimi ningeyaita hivi: "uwashaji wa muhuri" ndio utaratibu kwa ujumla; mwenye akiweza kuweka muhuri wake, ni "uwashaji wa muhuri wa mwenye"; asipoweza, ni "uwashaji wa kufungiwa". Neno "salama" tuliweke akiba kwa ajili ya mambo yaliyokwisha kuthibitika.

Huku Shinyanga tuna neno linaloonyesha tofauti hii kuliko hoja yoyote: ngitili. Mvua zikianza, familia au kijiji cha Kisukuma hukifunga kipande cha malisho, nyasi na miti viachwe vikue. Kiangazi kinapokaza na kwingine kumebaki vumbi, hukifungua, na ndama na wanyama wanyonge huonja kwanza. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo ukairudishia nchi uoto wake. Ngitili imefungwa kweli kweli, na anayeingiza ng'ombe kwa wizi hujibu mbele ya dagashida, baraza la mila. Lakini waliofunga ni walewale wenye ng'ombe, na siku ya kufungua huiamua wao.

Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaodhani anayepinga kufuli la kiwanda anapinga kufuli lolote. Siyo. Simu iliyo wazi kwa kila mpita njia ni malisho yaliyokwanguliwa mpaka udongo. Ninachokidai ni kufunga kwa ngitili. Na kama unadhani neno la Kisukuma halina nafasi katika istilahi za kompyuta, kumbuka kwamba "ikulu" ilitoka huku bara kwa Wanyamwezi na Wasukuma, na "ng'atuka" Mwalimu Nyerere aliitoa kwa Wazanaki. Tuliyakaribisha kwa sababu yalisema jambo ambalo pwani haikuwa na neno lake.

Shika sasa simu yako ya Android iliyowekwa Kiswahili, ingia kwenye mipangilio. Utakuta mahali pa ruhusa ya kusakinisha "programu zisizojulikana". Kaa na neno hilo kidogo. Kitenzi "julikana" hakimtaji anayejua. Programu niliyoandikiwa na mpwa wangu naijua, naye namjua, na nyumbani kwao napajua. Asiyeijua ni kampuni iliyo upande wa pili wa bahari. Jina la haki ni "programu za nje ya duka". Linaeleza mahali zilikotoka bila kuzitia doa.

Tukishalitaja "duka", tuligeuze nalo. Duka lina mwenye duka, na mwenye duka ana haki ya kuchagua bidhaa za kuweka rafuni. Hilo halina ubaya. Ubaya huanza pale kijiji kinapokuwa na duka moja na barabara ya kwenda kwingine imezibwa. Lugha yetu ina neno la mahali ambapo kila mtu hutandika mkeka wake: "gulio". Mikusanyo ya programu huria kama F-Droid ni magulio, na iitwe hivyo. Mwaka 2024 sheria ya masoko ya kidijitali ya Umoja wa Ulaya iliilazimisha Apple kuruhusu maduka mengine kwenye iPhone ndani ya Umoja huo. Kwa lugha ya minada yetu, walidai gulio.

Agosti 2025, Google ilitangaza kwamba hata programu za nje ya duka zitatakiwa ziwe za wasanidi "waliothibitishwa": kuanzia Septemba 2026 katika Brazili, Indonesia, Singapore na Thailand, na nchi nyingine kuanzia 2027. Baada ya malalamiko mengi, Novemba mwaka huohuo iliahidi kuwaachia njia watumiaji wazoefu. Mimi nabaki kwenye neno. "Thibitisha" inatokana na "thabiti", yaani imara, isiyotikisika. Msanidi aliyethibitishwa anasikika kama mtu ambaye kazi yake imepimwa ikaonekana imara.

Lakini kinachofanyika ni mtu kuonyesha kitambulisho na kuandikwa daftarini. Watanzania tunalijua tendo hilo vizuri, kwa maana tulilipangia foleni hadi mwisho wa muda, tarehe 20 Januari 2020, tukiweka vidole ili laini zetu zisizimwe. Hatukusema tumethibitishwa. Tulisema tumesajili laini. Basi waitwe "wasanidi waliosajiliwa", na mjadala uulizwe kwa jina lake: je, ni lazima mtu asajiliwe na kampuni moja ndipo aweze kuniandikia programu nikaiweka kwenye simu yangu?

Kuna tendo lenyewe la kuweka programu kutoka nje ya duka. Wafasiri wengine wanalitia neno la "kando" au "pembeni", kufuata lugha walikolitoa. Katika ukanda huu wa dhahabu tuwe macho sana na maneno ya pembeni. Hapa tunazo "njia za panya", tunao "utoroshaji wa madini", na kila kinachopita kando kimeshanuka mbele ya pua ya askari. Mtu anayeweka programu kwenye simu yake hatoroshi kitu.

Neno lipo, na ni zuri: "sakinisha". Limejengwa juu ya "sakini", kukaa mahali, ndugu yake "maskani". Kusakinisha programu ni kuipa makazi. Anayetoa makazi kwa desturi ni mwenye nyumba. Tukitaka kusisitiza kwamba mtu amefanya kwa hiari yake bila kupitia dukani, tunaongeza viungo tulivyovizoea katika "kujipikia" na "kujijengea": kujisakinishia. Litamke mara mbili tatu. Halina harufu ya kosa. Lina harufu ya mtu aliye kwake.

Aliye kwake tumwiteje? Vitabu vinasema "mtumiaji". Jina hilo halina ila kwa mtu aliye kwenye kompyuta ya maktaba. Lakini mkulima wa Kishapu aliyeuza pamba akanunua simu ana zaidi ya matumizi. Tume ya Ushindani humwita "mlaji", neno linalofaa unga na mafuta, ambavyo vikishaliwa vimekwisha. Simu hailiwi. "Mmiliki" ni sawa mahakamani. Mimi naegemea lile la Kibantu, fupi na zito: "mwenye". Mwenye simu. Mwenye kompyuta. Na "mwenyewe" liko hatua moja mbele yake, likitukumbusha kwamba mwenye kitu na nafsi yake havitengani kirahisi.

Ukoo wa "tumia" una hazina nyingine. Kuna tuma, tumia, tumika, tumikia, mtumishi, na sasa "programu tumishi", istilahi iliyochaguliwa kwa akili nyingi. Programu ni mtumishi. Kila unapolisoma neno hilo, uliza swali linaloambatana nalo: mtumishi wa nani? Mtumishi anayengoja ruhusa ya mtu wa mbali ndipo amtii aliyemlisha, ana bwana mwingine.

"Mtengenezaji" nalo lina la kutufundisha. Katika Kiswahili, kiwanda kinatengeneza simu, na fundi wa Katoro anatengeneza simu. Kitenzi ni kimoja, maana mzizi wake ni kukifanya kitu kikae sawa, kiwe kipya au kibovu. Zipo nchi ambako imebidi watu wapiganie sheria ili mkulima apate haki ya kurekebisha trekta lake. Jimbo la Colorado huko Marekani lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2023. Lugha yetu haikuwahi kuwatenganisha anayeunda na anayerekebisha. Tukitaka kuepuka utata, anayeunda tumwite "kiwanda" na "fundi" abaki na jina lake, lakini tendo la "kutengeneza" liwe la wote wawili.

Anayeliondoa kufuli la kiwanda huitwa mvunjaji. Katika mashauri ya jinai "kuvunja" huongozana na "na kuiba", kwa hiyo jina hilo humtia mtu kizimbani. Marekani, sheria ya hakimiliki za kidijitali ya 1998 ilifanya kosa kulifungua kufuli la namna hiyo, kisha mwaka 2010 msamaha ukatolewa kwa wenye simu wanaoondoa kufuli ili waweke programu walizozipata kihalali. Walichoruhusiwa hakikuwa kuvunja.

Kwetu "kukomboa" linatosha, kwa maana zake zote mbili. Kufuli la deni hukombolewa kwa malipo, kama rehani. Kufuli la kiwanda hukombolewa kwa ile maana ya pili, iliyoipa jina Kamati ya Ukombozi ya nchi za Afrika iliyokaa Dar es Salaam tangu 1963. Fundi akiandika kwenye kibao chake "tunakomboa simu", atakuwa amesema jambo pana kuliko "tunatoa loku".

Serikali nayo huzima, na hapa natoa sifa. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchini kote. Wiki kadhaa kabla yake wananchi walikuwa wakibonyeza *#06# na kutuma kwenda 15090 ile namba ya tarakimu kumi na tano ambayo Mamlaka iliiita "namba tambulishi", istilahi safi isiyohitaji maelezo. Mtu anaweza kukubaliana na hatua ile au kuipinga. Lakini kitenzi kilikuwa "kuzima", mtendaji alitajwa, sheria yake ya 2010 ilitajwa, na tarehe ilitangazwa. Kiwanda hakitupi hata kimoja kati ya hivyo.

Limebaki "huria". Hapa Kiswahili kimewashinda wengi. Penye lugha ambazo uhuru na kutolipa huvaa neno moja, sisi tuna "bure" na tuna "huria", na havichanganyiki. Programu huria ni ile unayoruhusiwa kuisoma, kuibadili na kuigawa. Lakini kisanduku cha kurekodia televisheni cha TiVo kilionyesha kwamba hata huria inaweza kufungiwa: msimbo uligawiwa wazi, ila ukiubadili, kisanduku kiliukataa kwa kukosa muhuri. Leseni ya programu huria ya GPL, toleo la tatu la mwaka 2007, iliandikwa ikiwa na kifungu cha kulizuia hilo. Huria bila kusakinisha ni shamba lenye hati lisilo na njia ya kuliingilia.

Sisi wapenda Kiswahili tuna deni letu katika shauri hili. Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na IT+46 ya Sweden walitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Hawakusubiri kampuni kubwa ione kama Kiswahili kina faida. Waliuchukua msimbo huria, wakakaa na istilahi moja moja, wakaifasiri, na mtu yeyote mwenye kompyuta akaweza kujisakinishia. Kama kompyuta za miaka ile zingedai muhuri wa kiwanda kwa kila programu, kazi ile ingebaki kwenye diski. Lugha isiyo na soko kubwa hutegemea mlango usiofungiwa, na Kisukuma, chenye wasemaji mamilioni, bado kinaungoja mlango huohuo.

Kwa hiyo nayaweka mezani, mbele ya BAKITA na mbele yako: muhuri badala ya sahihi na ufunguo, uwashaji wa muhuri wa mwenye na uwashaji wa kufungiwa badala ya uwashaji salama, programu za nje ya duka badala ya zisizojulikana, wasanidi waliosajiliwa badala ya waliothibitishwa, kujisakinishia, kukomboa, mwenye. Yapo utakayoyakataa, na ukiwa na bora zaidi nitayapokea kwa mikono miwili.

Moja tu naomba tulianze bila kungoja kikao, kwa kuwa halihitaji kamusi mpya. Kila sanduku la simu linalouzwa Kahama, Katoro au Geita liandikwe kwa Kiswahili ni kufuli gani limo ndani: la laini, la deni, la kiwanda, au hakuna. Na mpaka litakapoandikwa, tumuulize muuzaji kabla hatujatoa fedha: ndugu, nikishalipa yote, nitakuwa mwenye simu hii au nitakuwa nimefungiwa?